Je, Wajua? Uvimbe Kwenye Mshono wa Kiuno

Je, wajua kwamba uvimbe laini unaotokea kwenye mshono baada ya upasuaji wa kiuno unaweza kuwa majimaji ya kawaida ya kidonda, damu, usaha, au maji ya uti wa mgongo yenyewe? Kila kimoja kina tiba yake. Majimaji ya kidonda mara nyingi hunyonywa na mwili bila kuguswa. Daktari akikuambia usubiri, hajakupuuza.

Je, wajua kwamba mtu mzima ana takriban mililita 150 tu za maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, ilhali mwili hutengeneza karibu mililita 500 kwa siku? Utando unaoyahifadhi ukitoboka wakati wa upasuaji, maji hupenya na kujikusanya chini ya ngozi. Dalili yake kubwa iko kichwani: ukikaa au kusimama kichwa kinagonga, ukilala kinatulia.

Daktari August Bier wa Kiel, Ujerumani, aliyaonja maumivu hayo ya kichwa mwaka 1898. Alikubali kudungwa sindano ya mgongo katika jaribio la dawa ya ganzi, maji mengi yakamvuja. Alilala kitandani siku 9.

Je, bandeji ina doa la damu lililozungukwa na duara la majimaji maangavu? Rudi hospitali siku hiyohiyo. Maabara inaweza kutafuta protini iitwayo beta-2 transferini, inayoyatambulisha maji ya uti wa mgongo, na kipimo cha MRI kikaonyesha yalipotuama. Wapo wanaopona kwa kulala tu. Wengine huwekewa mrija mwembamba kiunoni unaoyatoa kidogo kidogo, au hurudishwa chumba cha upasuaji utando ushonwe.

Tafadhali, uvimbe huo usikandwe kwa maji moto, usiminywe, wala asiutoboe mtu nyumbani. Tundu dogo tu linaweza kupitisha vijidudu mpaka kwenye utando wa ubongo.

Je, wajua linalotisha zaidi? Ni damu inayojikusanya ndani na kubana mishipa ya fahamu, mara nyingi katika saa au siku za mwanzo. Miguu inalegea, ganzi inaingia makalioni na sehemu za siri, mkojo unagoma kutoka. Hapo usingoje kupambazuke. Mwite muuguzi hata kama ni saa nane za usiku, na kama umesharudi nyumbani, ndugu wakupeleke hospitali usiku huohuo.