Mwosha Naye Huoshwa



Wazee wetu wa pwani wana msemo mfupi usemao: "Mwosha huoshwa." Yaani yule awaoshaye maiti wa wenziwe leo, naye kesho ataoshwa na wengine. Msemo huu nimeusikia tangu nilipokuwa mtoto chuoni, na kila nikiusikia niliuchukua kuwa ni onyo la mauti tu. Sikupata kudhani kwamba iko siku mwosha atakufa, na wa kumwosha asionekane.

Siku hiyo ilitufikia mtaani kwetu hapa Tanga, katika masika ya miaka saba iliyopita. Alikuwako bibi mmoja mtu mzima, ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini ndiye aliyekuwa akiwaosha wanawake waliofariki katika mitaa yetu. Akiitwa usiku wa manane alikwenda. Akiitwa mvuani alikwenda. Hakudai ujira, wala hakupata kutoa nje siri ya maiti. Basi bibi yule alifariki baada ya sala ya Isha. Wanawake wakajaa nyumbani kwake, wakilia na kusoma. Ulipofika wakati wa kutayarisha maji, kila mmoja akamtazama mwenziwe. Huyu alisema mkono unamtetemeka, huyu alisema hajui pa kuanzia, na huyu alisema, "Siku zote kazi hii alikuwa akiifanya yeye." Ikabidi kulipokucha mtu atumwe Pangani, mwendo wa kilomita zipatazo 50, akamlete bibi mwingine ajuaye. Na kwa ubovu wa njia siku zile za mvua, maziko yaliyotakiwa kuwa asubuhi yakafanyika baada ya Alasiri.

Ndugu zangu, nataka kusema kweli mbele yenu. Mimi nilikuwa uani pa nyumba ile, nimekaa juu ya mkeka pamoja na wanaume, na aibu ilikuwa yangu kuliko ya mtu mwingine ye yote. Kwa miaka mingi nimesomesha kitabu cha Safinat al-Naja, na ndani yake mmetajwa mambo manne yaliyo wajibu kumfanyia maiti: kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Wengi wa wanawake vijana waliokuwa mle ndani walipita mikononi mwangu walipokuwa watoto, na bila shaka waliweza kunitajia mambo hayo manne kwa moyo. Niliwafundisha kusema, sikuwafundisha kutenda.

Kazi hii ni ya nani?

Sote twajua kwamba kuosha maiti ni fardhi kifaya. Wakiitimiza baadhi yetu, jukumu huwaondokea wote. Isipotimizwa na hata mmoja, hupata dhambi wote waliojua na waliokuwa na uwezo. Lakini katika matumizi yetu ya kila siku maneno haya tumeyageuza maana. Tumeyafahamu kana kwamba fardhi kifaya ni kazi ya mtu mwingine. Maadamu yuko bibi fulani, maadamu yuko mzee fulani, sisi tumepumzika. Wala hatukujiuliza: je, naye akipumzika?

Tena ziko siku ambazo hata waosha wa mitaa yote hawatoshi. Mwezi wa Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na maiti waliopatikana walipita 190, mbali na wengi wasioonekana kabisa. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyekufa maji naye huoshwa, ijapokuwa bahari imekwisha kumrowesha. Kwa sababu kuosha ni amri tuliyoamrishwa sisi tulio hai, na maji ya bahari hayatutimizii. Mji usio na watu waliokwisha kufundishwa utafanya nini siku kama hiyo?

Kuwatafuta

Baada ya maziko ya bibi yule, nalisimama msikitini siku ya Ijumaa nikatangaza kwamba twahitaji watu wa kujitolea, wanaume kwa wanawake, wajifunze kuosha maiti kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Watu waliitikia kwa vichwa, na wengine walinishika mkono mlangoni wakaniambia, "Maneno mazuri sana, Maalim." Nikangoja juma zima. Hakuja hata mmoja.

Nilipokuwa nikinung'unika nyumbani, mke wangu alinisimulia jambo ambalo mimi sikuliona, kwani lilikuwa chumbani siku ile ya msiba. Yule bibi wa Pangani alipoingia hakuuliza, "Nani atanisaidia?" Alimtazama msichana mmoja aliyesimama mlangoni, akamwambia, "Mwanangu, njoo unishikie kata." Msichana akaja. Akamwambia mwingine, "Nawe nishikie shuka hili tumsitiri mwenzetu." Naye akaja. Wale wale waliokuwa wakitetemeka usiku, asubuhi walifanya kazi, kwa kuwa kila mmoja ameitwa yeye mwenyewe, na ameambiwa kazi moja ndogo anayoiweza.

Hapo nikafahamu kosa langu. Anayewaita watu wote hakumwita mtu. Nikachukua karatasi nikaandika majina kumi na mawili, nikaenda nyumba hadi nyumba. Na mke wangu akafanya hivyo kwa upande wa wanawake. Hatukumwambia mtu, "Njoo uwe mwosha," bali tulimwambia, "Fulani, tumekuona una subira, nasi twaomba utusaidie kuchota maji itakapotokea haja." Wachache walikataa. Wengi walikubali, na baadhi yao walisema maneno ambayo mpaka leo yananichoma: kwamba walikuwa wakitamani siku nyingi, lakini hawakuulizwa.

Kijana mmoja nilimkuta barazani wanapokaa vijana wasio na kazi, na watu walikuwa wakimsema vibaya. Nilipomweleza haja yangu alicheka, akaniuliza, "Maalim, nani alikwambia mimi naweza?" Nikamjibu, "Nilikuona ulivyokuwa ukimbeba babu yako kumpeleka chooni alipokuwa mgonjwa." Akanyamaza kimya. Siku ya pili alikuja kabla ya wote.

Palikuwa na mama mmoja aliyemkataza binti yake, akihofu kwamba msichana aoshaye maiti hatapata mume. Mke wangu hakubishana naye. Alimwuliza tu, "Siku yako ikifika, mwenzangu, wapenda ushikwe na mkono wa mgeni au wa mwanao?" Mama yule akalia, na binti akaruhusiwa.

Kuwafundisha

Mwenye kutaka mfano wa mafunzo haya na autazame mfano wa Mtume wetu (S.A.W.). Binti yake, Bibi Zainab, alipofariki mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliwaendea wanawake waliokuwa wakimwosha, akiwamo Ummu Atiyya, akawafundisha wakati ule ule wa kazi: waoshe kwa hesabu ya witiri, mara tatu au tano au zaidi wakiona haja, watumie maji na mkunazi, watie kafuri mara ya mwisho, na waanzie upande wa kulia na viungo vya udhu. Habari hii wameipokea Bukhari na Muslim. Na tazameni elimu ile ilivyozaa: Ummu Atiyya alihamia Basra, na wanavyuoni wa huko wakajifunza kwake namna ya kuosha maiti. Mwanamke mmoja aliyefundishwa kwa mkono akaufundisha mji.

Nasi tulifuata njia hiyo kwa kadiri yetu. Bibi wa Pangani alikubali kukaa kwetu siku kumi awafundishe wanawake, na mzee mmoja wa mtaani akawashika wanaume. Tulijaza gunia matambara, tukalilaza juu ya kitanda cha kuoshea, na kila mmoja akajifunza: kuweka shuka la sitara asiliondoe hata mara moja, kufunga kitambaa mkononi, kulikamua tumbo kwa upole, kumsafisha, kumtia udhu, kuosha kichwa, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto. Wakajifunza kukata sanda, nguo tatu kwa mwanamume na tano kwa mwanamke. Wakajifunza kwamba mume na mke waweza kuoshana. Sayyidna Abubakar alioshwa na mkewe, Asmaa binti Umais. Na katika zama zetu hizi tukamwomba mwuguzi awaeleze habari ya glovu, barakoa, na namna ya kujikinga iwapo marehemu amekufa kwa maradhi ya kuambukiza.

Lakini somo kubwa halikuwa la maji. Lilikuwa ni somo la ulimi. Mwosha huona mengi: kovu, jeraha, alama ya maisha ya mtu. Imepokewa na Al-Hakim kwamba mwenye kumwosha Mwislamu akamsitiri, Mwenyezi Mungu humsamehe mara arubaini. Basi tulimwambia kila mmoja kwamba akiona la kheri na alitaje, na akiona lisilopendeza, lifukiwe kaburini pamoja na mwenyewe.

Kadhalika tuliweka utaratibu: kijana haendi peke yake, bali huwa na mtu mzima, na aliyeosha leo haitwi kesho, ila kwa dharura. Baada ya kila maziko mtu mmoja humwendea yule kijana na kumwuliza kama amelala vizuri. Mmoja wao alikaa siku tatu hali chakula baada ya kuosha mtoto mchanga. Laiti asingeulizwa, tungalimpoteza, wala tusingejua kwa nini.

Kuwashukuru

Mwaka ulipotimia nilitoa shauri kwamba tuwafanyie waosha wetu karamu. Mzee mmoja tunayemheshimu akasimama akanipinga. Alisema kwamba kazi ya Mungu haitangazwi, na kwamba mkiwasifu watu hawa mtawatia ria, na thawabu yao itakwenda. Maneno yake hayakuwa ya kupuuzwa, kwani ria ni mchwa ulao amali.

Nikamjibu kwa adabu kwa kisa mashuhuri. Alikuwako mtu aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume (S.A.W.), mapokezi yana shaka kama alikuwa mwanamke au kijana mwanamume. Akafa usiku, na Masahaba wakamzika bila ya kumwarifu Mtume, kana kwamba waliiona habari yake kuwa ni ndogo. Mtume alipomkosa aliuliza, na alipoambiwa amekufa hakupendezwa kwamba hakuarifiwa. Akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda, akamsalia. Basi mfagiaji yule hakutangaza kazi yake, lakini Mtume aliijua, akamtafuta, na akamheshimu mbele ya watu. Kutojisifu ni wajibu wa mwenye kutenda. Kushukuru ni wajibu wetu sisi tuliotendewa. Na hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi yatufahamisha kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mwenyezi Mungu.

Mzee akafikiri, kisha akasema, "Washukuruni, lakini kwa dua, wala msiwapandishe jukwaani." Tukakubaliana hivyo. Tangu hapo kila mwezi wa Shaabani twapika pilau, twawaalika waosha pamoja na wazazi wao na wake zao na waume zao, kwani nao huamshwa usiku. Hapana picha wala hotuba ndefu. Mzee yule yule ndiye aombaye dua, akimtaja kila mmoja kwa jina lake. Kisha jina la kwanza kati ya marehemu huwa ni la bibi yetu aliyetuosha miaka thelathini, na ambaye hatukupata kumwambia ahsante maadamu alikuwa hai. Hili ndilo deni ambalo mimi siwezi kulilipa tena.

Leo, kwa rehema zake Mola, tunao wanawake kumi na mmoja na wanaume tisa wajuao kazi hii. Yule kijana wa barazani sasa ndiye afundishaye wenziwe. Nami, ambaye nimeipita miaka hamsini, hujiuliza wakati mwingine usiku: nani atakayeniosha? Zamani swali hili lingenitisha. Sasa nalijua jibu lake, na naujua mkono wake ulivyo mpole.

Ewe ndugu msomaji, wahesabu waosha wa mtaani kwenu. Ukiwakuta ni mmoja au wawili, na wamekwisha kuwa wazee, usingoje tangazo la Ijumaa. Nenda kwao leo na mwanao, mkawashukuru wangali hai, kisha mwambie mmoja wao, "Nifundishe kushika kata."

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, atutakasie nia zetu, na atujaalie mwisho mwema. Amin.