Jiwe la Merelani kwenye Jua la Watamu

Muuzaji wa tanzanaiti, awe Arusha, Nairobi au hapa Watamu, ana neno lake la kuanzia: adimu. Mteja, ambaye huku kwetu mara nyingi ni Mwitaliano, huelezwa kuwa jiwe hili lapatikana mahali pamoja tu duniani, kwamba uadimu wake unaipita almasi mara elfu, na kwamba migodi itakauka wajukuu wake wakiwa bado wadogo. Mahali ni pamoja kweli: vilima vya Merelani, wilayani Simanjiro nchini Tanzania, si mbali na Kilimanjaro. Hayo mengine ni hesabu za matangazo na utabiri. Lakini hata yangekuwa kweli tupu, neno hilo lingebaki kuwa sifa dhaifu, tena linaifunika sifa iliyo bora. Uadimu haumo ndani ya jiwe. Umo katika takwimu za migodi, na mnunuzi aliyelishika mkononi hana njia ya kuuona. Kilichomo ndani ni namna jiwe linavyoupokea mwanga na kuugawa, na hilo huonwa na yeyote mwenye macho, bila cheti, hata akiwa amesimama mchangani Turtle Bay.

Kama uadimu peke yake ungelipa jiwe jina, benitoiti ingekuwa mdomoni mwa kila sonara. Hicho nacho ni kito cha buluu, kilichogunduliwa mwaka 1907 katika kaunti ya San Benito, California, na kufanywa kito rasmi cha jimbo hilo mwaka 1985. Ni adimu kuliko tanzanaiti kwa mbali sana. Ni sonara gani wa Mombasa anayeulizwa benitoiti? Yakuti ya samawati, kwa upande wake, inachimbwa Sri Lanka, Madagaska, Australia na kwingineko, na wingi huo haujaishusha hadhi. Tanzanaiti yenyewe ni shahidi. Kwa wanajiolojia jiwe hili ni aina ya zoisaiti, madini ambayo Abraham Gottlob Werner aliyaeleza mwaka 1805 na kuyapa jina la mkabaila mmoja wa Slovenia, Sigmund Zois, aliyependa kukusanya mawe. Zoisaiti ile ya milima ya Austria ilikuwa ya kijivu na kahawia, na kwa miaka zaidi ya 160 hakuna aliyehangaika nayo isipokuwa wasomi. Mwaka 1967 ndipo mawe ya Merelani yalipojulikana. Serikali ya Tanzania inamtambua Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi, na mwaka 2018 Rais John Magufuli alimtunuku shilingi milioni 100. Wengine humtaja Manuel d'Souza, aliyesajili vitalu mwaka huohuo wa 1967. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikalibatiza jiwe tanzanaiti. (Ni mwaka uleule ambao Hifadhi ya Bahari ya Watamu ilitangazwa, bahati tu, lakini buluu mbili zilipata vyeti vyake pamoja.) Kilichowavuta watu wa Tiffany hakikuwa uhaba. Ilikuwa rangi.

Na rangi hiyo haifanani na rangi nyingi tuzijuazo. Kaniki ni kaniki, uigeuze utakavyo. Tanzanaiti ghafi ukiitazama upande mmoja ni buluu, ukiizungusha robo ni zambarau inayokaribia wekundu, ukiitazama upande wa tatu ni manjano ya kijani au kahawia, kama chai isiyokolea. Jiwe ni lilelile, na mwanga ni uleule wa dirishani. Sababu ni mpangilio wa chembe zake. Tanzanaiti ni kalsiamu, alumini, silika na chembechembe za maji zilizofungamana kwa mpango ambao haulingani katika pande tatu: urefu una mpangilio wake, upana wake na kina chake. Mwale ukiingia humo hugawanyika kuwa miwili, kila mmoja ukitikisika katika bapa lake, na kila bapa lina sehemu yake ya mwanga inayomezwa njiani. Jicho hupokea yaliyosalia. Ukibadilisha upande, umebadilisha kilichomezwa.

Mkazi wa Watamu hahitaji maabara kuelewa kwamba rangi yaweza kuwa tukio, si mali. Maji ya bahari yetu ukiyachota kwa kikombe hayana rangi. Juu ya mchanga mweupe wa matumbawe ni samawati hafifu. Nje ya mwamba, kwenye kina, ni nili. Maji humeza wekundu wa mwanga kidogo kidogo, na kadiri mwale unavyosafiri ndani yake ndivyo buluu inavyobaki peke yake. Tofauti ni kwamba bahari hutazama urefu wa safari ya mwale, na jiwe hutazama pia mwelekeo wake. Hapa ndipo tanzanaiti inapojitenga na vito vingi. Kwa mmeto haishindani na almasi: kipimo chake cha kupinda mwanga ni kama 1.69 hadi 1.70, ilhali almasi inafika 2.42 na yakuti inapita 1.76. Anayeinunua akitafuta cheche za almasi amekosea duka. Uhodari wake uko katika kugeuka.

Mtu atasema: basi kuna madini fulani ya buluu ndani yake, na uadimu wa madini hayo ndio tunaoulipia. La hasha. Kinachoipa tanzanaiti rangi ni vanadi, tena kwa kiasi kidogo mno, na vanadi haina ubuluu wake maalumu. Nenda Taita Taveta, safari ya siku moja kutoka hapa, uone savoraiti, kito cha kijani kilichozaliwa katika ukanda uleule wa miamba ya kale unaotoka Msumbiji, ukapita Tanzania na kuingia Kenya. Kijani chake nacho hutokana na vanadi, pengine ikisaidiwa na kromi. Merelani kwenyewe mawe haya mawili hutoka katika vilima vilevile. Mpangaji ni yuleyule. Nyumba ndiyo imebadilika. Savoraiti ni jamii ya ganeti, ambayo chembe zake zimepangika sawasawa pande zote, kwa hiyo hata ukiizungusha mchana kutwa itakuonyesha kijani kimoja. Buluu ya tanzanaiti basi haikuletwa na kitu cha thamani kilichofichwa ndani yake. Imeletwa na umbo la ndani, na umbo hilo ndilo linalostahili sifa.

Pingamizi zito zaidi ni la moto. Tanzanaiti karibu zote zilizo sokoni zimechomwa katika tanuri, kwa joto la nyuzi kama 500 hadi 600, mpaka ule umanjano na ukahawia ukatoweka na kuacha buluu na zambarau. Wapo wanaoona kwamba jiwe lililochomwa limeghushiwa. Hoja hii ina uzito katika jambo moja tu: mnunuzi ana haki ya kuambiwa. Zaidi ya hapo inaporomoka. Moto hauongezi kitu ndani ya jiwe. Hubadilisha hali ya vanadi ambayo tayari imo, na matokeo hayarudi nyuma wala hayapauki. Tena Mswahili hana haki ya kuushangaa moto. Akiki nyekundu za Khambhat, zilizovuka bahari kutoka Gujarat kuja pwani hii karne baada ya karne na kuvaliwa shingoni na nyanya zetu, zilichomwa ili zikolee wekundu, na hakuna aliyeziita bandia. Ghushi ni kitu kingine. Mwaka 2008 maabara za Marekani zilikuta tanzanaiti zilizopakwa utando mwembamba wenye kobalti ili mawe yaliyopauka yaonekane yamekolea. Kobalti ni rafiki wa zamani wa eneo hili: ndiyo iliyochora maua ya buluu kwenye vyombo vya Kichina ambavyo vipande vyake vilifukuliwa Gede. Lakini fundi wa Kichina aliichora chini ya mng'aro wa kauri, na ikadumu. Iliyopakwa juu ya kito huchubuka kwenye kingo, na pale ilipochubuka uongo huonekana kwa lenzi.

Baada ya moto huja gurudumu la mkataji, na hapa ndipo hoja ya uadimu inapodhuru kweli, kwa sababu inawafundisha watu kupima kwa mizani. Kwa kawaida kipande ghafi kinampa mkataji uzito mkubwa zaidi akikikata ili uso wa kito uelekee upande wa zambarau. Akitaka uso wa buluu, ambao soko huupenda zaidi, lazima akigeuze kipande vibaya na kusaga sehemu kubwa ikawa vumbi. Kila tanzanaiti unayoiona ni uamuzi wa mtu: buluu ndogo au zambarau kubwa. Juni 2020 Saniniu Laizer aliiuzia serikali ya Tanzania mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, na magazeti yote yakaandika kilo. Ilikuwa habari kubwa na alistahili furaha yake. Lakini kilo hazisemi ufa umepita wapi, wala buluu imelala upande gani, na hayo ndiyo mambo mkataji wa kwanza huyauliza. Sehemu kubwa ya mawe ya Merelani kwa miaka mingi imekatwa Jaipur, India. Nchi inayosifu uchache wa jiwe lake hujenga ukuta kulilinda, na Tanzania ilijenga ukuta wa kilomita 24.5 kuizunguka Merelani, uliozinduliwa mwaka 2018. Ukuta huzuia magendo, na ni kazi nzuri. Haumfundishi kijana wa Simanjiro kulielekeza jiwe kwenye gurudumu, na ujira wa kulielekeza unaendelea kulipwa ng'ambo.

Kuna wanaodharau kwa upande mwingine: jiwe lenyewe laini, la nini kulisifu? Ni kweli si gumu. Katika kipimo cha Mohs, ambacho almasi inashika 10 na yakuti 9, tanzanaiti iko kati ya 6 na 7, na ina upande mmoja ambao hupasuka kirahisi kama ubao unaofuata nyuzi zake. Mashine ya sonara ya kusafishia kwa mtetemo yaweza kuipasua. Moto wa ghafla wa kulehemu pete pia. Mchanga mweupe wa Watamu, ambao mwingi ni unga wa matumbawe, hauwezi kuikwaruza maana ni laini kuliko jiwe. Mchanga unaoletwa na mto Sabaki hadi Malindi ni kisa tofauti, kwa kuwa una kwatzi yenye ugumu wa 7, na vumbi la kawaida la nyumbani nalo limejaa kwatzi. Kwa hiyo tanzanaiti ni jiwe la kidani au herini kuliko pete ya kufulia nguo. Lakini udhaifu huu haugusi hoja. Lulu ni laini zaidi, na hakuna aliyeidharau.

Anayetaka kuijua tanzanaiti badala ya kuhadithiwa anaweza kuanza na mlango wa duka. Chini ya taa ya manjano jiwe huelekea zambarau. Kwenye mwanga wa mchana hurudi kwenye buluu. Jioni, jua likishuka nyuma ya Mida na mwanga ukawa mwekundu, huegemea tena zambarau. Mteja aliyeliona chini ya taa moja tu ameona nusu ya bidhaa. Kisha aazime miwani ya jua kwa nahodha wa boti ya uvuvi, ile inayokata mng'ao wa juu ya maji ili samaki waonekane. Miwani hiyo hupitisha mwanga unaotikisika katika bapa moja tu. Akilitazama jiwe kupitia kioo chake dhidi ya mbingu nyeupe, na kulizungusha taratibu, buluu na zambarau zitapokezana. Zisipopokezana, alitazame kutoka upande mwingine kabla ya kulihukumu, kwa sababu kuna pande ambazo hata jiwe halisi hunyamaza. Kipande cha chupa chenye kobalti kitabaki buluu ileile pande zote. Ipo hata hivyo bandia moja ya kiwandani, fostaraiti, ambayo nayo hubadilika rangi ikizungushwa. Hiyo hujiumbua kwa njia nyingine: inaugawa mwale kwa nguvu mno hivi kwamba kingo za nyuma ya kito huonekana maradufu, jambo ambalo kwenye tanzanaiti ni gumu kuliona. Kwa kingo hizo miwani ya nahodha haitoshi, na jiwe lipelekwe kwa sonara mwenye lenzi ya kukuza mara 10.