Matone Mawili ya Kona Baridi

Sogeeni, wajukuu zangu. Pale Kona Baridi, barabara ya Magadi inapoanza kuteremka, vilima vya Ngong vimekaa kama mgongo wa tembo. Tone la mvua likiangukia mashariki hushuka na mto Kiserian, likaingia Mbagathi, kisha Athi, ambao huko mbele huitwa Galana, halafu Sabaki, hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Mwenzake aliyeangukia magharibi, hatua chache tu kutoka hapo, huporomokea Bonde la Ufa. Huko hakuna njia ya kwenda baharini. Atanywewa na ardhi au atakaushwa na jua.

Mchora ramani amejuaje maji yataelekea wapi? Alipima miinuko. Februari 2000 chombo cha angani Endeavour kiliizunguka dunia siku 11, kikipima kwa rada urefu wa milima na mabonde. Kompyuta ikipewa vipimo hivyo, hutafuta kila mahali ni upande gani ulio chini zaidi, mpaka njia za maji zinaungana na kuwa mto. Pale Kasarani, Nairobi, kuna kituo cha uchoraji ramani cha RCMRD, kilichoanzishwa mwaka 1975, ambako wataalamu wa nchi mbalimbali za Afrika hufanya kazi za namna hii.

Mtaniuliza, si watazame tu picha za setilaiti? Kule tundra, kaskazini kabisa mwa Alaska na Siberia, zinasaidia sana: ardhi ya chini imeganda mwaka mzima, maji hayazami, na theluji ikiyeyuka madimbwi hutapakaa kwa maelfu. Lakini Kajiado kuna mito mingi ya msimu. Picha ya Septemba itakuonyesha mchanga mkavu na mstari wa migunga, na mgeni ataapa hapana mto. Mfugaji wa Kimaasai anajua penye maji chini ya mchanga huohuo, naye huchimba ng'ombe wanywe. Kwa hiyo mpimaji makini hukusanya picha za misimu yote, hutumia rada inayopenya mawingu, na huketi na wazee wa hapo. Mimi naona hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, nalo linaniuma.

Masika ya 2024 mito ilifurika Kitengela, familia zikahama usiku. Mkimwona mtu akiuza kiwanja bondeni, kando ya mstari wa migunga, mwulizeni mchungaji wa karibu maji hufika wapi mwezi wa Aprili.