Dawa isiyosubiri

Nilikwenda hospitalini kuulizia gharama za vitanda vya wagonjwa mahututi. Kilichonibakiza pale ni bomba la sindano la mililita 50 lililolazwa kwenye pampu, likisukuma noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, polepole hata jicho halioni likisogea.

Nesi wa zamu, mama mzoefu, alinionyesha la pili, limeshajazwa. Noradrenalini ikikatika, alieleza, nusu ya dawa iliyomo kwenye damu huisha kwa dakika kama mbili, na presha huanguka nayo. Kwa hiyo hangoji la kwanza liishe. Huwasha la pili mapema kwenye pampu yake, macho kwenye skrini. Presha ikianza kupanda, hupunguza la kwanza kidogo kidogo mpaka alizime. Muda huo hapokei simu wala haitiki salamu. Anapigania wastani wa presha usishuke chini ya 65, figo na ubongo visikose damu.

Pampu zikikosekana, adrenalini huchanganywa kwenye dripu na matone yake huhesabiwa kwa saa ya mkononi. Mgonjwa akikunja kiwiko, matone hupungua. Akinyoosha, huzidi na moyo kwenda mbio. Dawa ikivuja nje ya mshipa, inaweza kuua ngozi na nyama. Ndiyo sababu, asema mama huyu, hathubutu kumpa kisogo mgonjwa wa namna hii.

Dawa zenyewe hutofautiana. Noradrenalini hubana mishipa, dobutamini huupa moyo nguvu ya kudunda. Dopamini ilipendwa zamani, lakini utafiti wa mwaka 2010 kwa wagonjwa 1,679 ulionyesha kwamba huvuruga mapigo ya moyo takriban mara mbili zaidi ya noradrenalini.

Kuna matokeo ya utafiti wa Lusaka, Zambia, yaliyochapishwa mwaka 2017, ambayo bado yananisumbua. Watu wazima wapatao 200, wengi wao wakiishi na VVU, walilazwa na maambukizi makali huku presha ikiwa chini. Waliotibiwa kwa utaratibu maalumu wa maji mengi ya dripu, na dopamini pale presha ilipobaki chini, asilimia 48 walifia hospitalini. Waliotibiwa kama kawaida, asilimia 33.

Nilimuuliza nesi kwa nini. Naye akauliza: maji yale yaliishia mapafuni? Dopamini ilimdhuru nani? Na usiku, kila mgonjwa alikuwa na mtu wa kumwangalia?

Wakuu wa hospitali mnaopanga bajeti, mkinunua pampu, ajirini na wauguzi wa kukaa nazo usiku kucha.