Wameuiba Wimbo Wako, au Wameuiga Tu?

Basi la Arusha likipita Hedaru na Makanya kuelekea Same, si ajabu skrini iliyo nyuma ya dereva ikawa inaonyesha kwaya. Waimbaji wamevaa sare, wamesimama juu ya jabali, na abiria anayeujua wimbo anauitikia palepale kitini. Pengine mtunzi wake hana hata habari kwamba wimbo umefika barabarani. Konda aliingiziwa kwenye flashi kibandani, pamoja na nyimbo nyingine mia, kwa bei ya soda.

Huo ni ukiukaji ulio wazi. Ila mwalimu wa kwaya anayelalamika zaidi mara nyingi analalamikia jambo jingine: kwaya ya jirani imeiga uimbaji wao, mshono wa sare, mpaka ujumbe wa wimbo. Inauma, lakini hapo hana kesi ya wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inalinda maneno na tuni ulivyovitunga. Wazo halilindi. Habari za mwana mpotevu ataziimba yeyote. Beti zako juu ya mwana mpotevu hakuna anayeruhusiwa kuzichukua bila ridhaa yako.

Mfano mzuri ni Profesa Isaria Kimambo, ambaye mwaka 1969 alichapisha kitabu cha historia ya kisiasa ya Wapare. Humo anaeleza jinsi Wasuya walivyowapindua Washana, ukoo wa wahunzi, wakaushika utawala wa Ugweno. Tukio hilo unaweza kulisimulia upya, kulitungia wimbo au kuligeuza mchezo wa jukwaani bila kuomba ruhusa kwa mtu. Sentensi za Kimambo ni habari nyingine. Haki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo anayekitoa fotokopi kitabu kizima ili auze, asidhani ukongwe wa kitabu utamkinga.

Kwa kwaya, hesabu hii ina utata wake. Ndani ya Mwimbieni Bwana, kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kilutheri, KKKT, zimo tuni zilizotoka Ujerumani, za watunzi waliofariki zamani sana. Ukiipanga upya mojawapo kwa sauti nne, mpangilio ni wako, tuni si yako. Wengine wakiipanga kwa namna yao, waache. Wimbo wa jadi wa Chasu, lugha ya Wapare, nao hauwi wako kwa kuwa wewe ndiye uliyewahi studio. Ukiutumia kibiashara, nje ya mazingira yake ya kimila, sheria hiyohiyo inataka kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA.

Kinachobaki baada ya kuondoa hayo ni chako tangu siku ulipokitunga. Wengi wanaamini kwamba asiyejisajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA, hana haki. Si kweli. Usajili hauzai haki, unasaidia kuithibitisha, na uthibitisho ndio unaowakwamisha watunzi wetu. Daftari la solfa lenye mistari iliyokatwa, «d» iliyofutwa ikawa «m», tarehe pembeni na jina la aliyeshika besi siku hiyo, mimi naliamini kuliko nakala safi iliyochapwa jana. Msilitupe.

Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru wanamuziki AY na MwanaFA walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2 na kampuni ya simu, kwa nyimbo zao «Usije Mjini» na «Dakika Moja» kutumika kama miito ya simu bila ridhaa yao. Kampuni ikakata rufaa. Kiasi hicho kisiwalevye. Kwaya ya kijijini haitalipwa mabilioni kwa sababu ya flashi ya konda. Lakini kesi ile iliwaonyesha wafanyabiashara kwamba msanii anaweza kwenda mahakamani akasikilizwa. Na kama wimbo unauzwa Unguja, fahamuni kwamba Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, COSOZA.

Ugomvi mbaya zaidi, kwa maoni yangu, hauletwi na mtu wa nje. Mwalimu ametunga, kwaya imeimba, fundi wa studio ametengeneza biti, kisha wimbo unavuma na kila mmoja anasema ni wake. Wote wana sehemu: mtunzi ana hakimiliki, waimbaji na mtayarishaji wana hakishiriki, na fundi aliyebuni muziki naye ana la kudai. Kwa hiyo, walimu wa kwaya, kabla hamjapanda gari kwenda kurekodi, kaeni chini mwandike maneno ni ya nani, tuni ni ya nani, biti itabaki kwa nani na mapato yatagawanywa vipi. Wote watie sahihi, na kila upande ubaki na nakala yake.