Jua la Mutarule: chungu kimoja, mafiga matatu

Wandugu wachimbaji, na nyinyi mama mnaotungojea nyumbani,

Mtu wa Mutarule anayerudi kutoka Kamituga ao Misisi anajua jambo hili. Gari linamwacha kwenye Barabara ya Taifa namba 5 wakati jua limekwisha tua. Anavaa tena ile tochi ya kichwa aliyokuwa nayo shimoni, anaiwasha, na anaingia kijijini kwake sawa vile anavyoingia kwenye shimo. Watoto wanamtambua kwa sauti kwanza, uso baadaye.

Tangu miaka mingi sisi wa sendika tunadai bei nzuri ya madini na miti ya kushikilia mashimo yetu. Leo tunataka kuzungumza juu ya kitu kingine kinachokula pesa ya mchimbaji kimya kimya: giza. Na juu ya jua, ambalo huku Bonde la Ruzizi hakuna negosia anayetupimia kwenye mizani.

Giza iko na bei

Mto Ruzizi unapita karibu na mashamba yetu. Kule juu, maji yake yanazungusha mitambo ya Ruzizi ya Kwanza tangu 1958, na ya Ruzizi ya Pili tangu 1989. Hii ya pili ni ya nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Maji yakifika kwetu, yamekwisha kutoa umeme wake kwa wengine. Sisi tunabaki na mafuta ya taa, mishumaa, mawe ya tochi, na yule kijana wa grupu anayetoza franka kwa kila simu anayochaji.

Mafuta tunayajua vizuri. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilianguka Sange, kwa majirani zetu. Watu walikuja kuchota. Wengine walikuwa ndani ya nyumba za video wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 230 wakafa. Tusiwaite wajinga. Kwa mtu masikini, ndoo moja ya mafuta ni pesa mingi.

Na usiku wa tarehe 6 Juni 2014, hapa hapa Mutarule, watu walishambuliwa, wengi wao wakiwa wanasali nje. Watu wasiopungua 30 waliuawa. Hatusemi kwamba taa ingezuia risasi. Tunasema tu kwamba tangu siku ile, usiku kwetu siyo neno dogo. Mama anayebeba mtoto mwenye homa kumpeleka kituo cha afya saa nne za usiku anatuelewa.

Siku 11 baadaye, tarehe 17 Juni 2014, Sheria namba 14/011 juu ya umeme ilitiwa sahihi. Huku kwetu nani aliisikia? Tulikuwa tungali kwenye matanga. Lakini sheria ile inatuhusu, na ni sehemu ya maneno ya leo.

Chungu kinasimama juu ya mafiga matatu. Umeme wa jua nao uko na mafiga yake: utafiti, sheria na soko. Figa moja likikosekana, chakula kinamwagika.

Figa la kwanza: utafiti

Mwaka 1954, wataalamu watatu wa maabara ya Bell huko Marekani, Chapin, Fuller na Pearson, walionyesha kipande cha silisiamu kinachogeuza mwangaza wa jua kuwa umeme. Kwa sehemu 100 za nguvu ya jua kilitoa 6 hivi za umeme. Leo pano za kawaida zinapita 20. Bei nayo ilianguka: kati ya 2010 na 2020, pano zilishuka bei kwa karibu 90%. Kitu kilichokuwa cha satelaiti na matajiri leo kinauzwa sokoni pembeni ya masufuria.

Sasa tuangalie ndani ya pano. Silisiamu inatoka kwenye mawe ya aina ya mchanga mweupe. Mistari myembamba ya mbele ni ya madini ya fedha. Nyuzi bapa zinazobeba umeme ni za shaba, na shaba ile imepakwa etani ili iweze kuunganishwa. Etani inatoka wapi? Inatoka kwenye kasiterite, ile tunayoibeba mgongoni. Hatuwezi kusema pano hii imetoka kwenye shimo lile. Lakini mchimbaji wa Kivu na mchimbaji wa Katanga wakitaka pano, siyo msaada wanaoomba. Jasho la watu kama wao limo ndani yake.

Figa la pili: sheria

Bei haikushuka kwa akili ya maabara peke yake. Mwaka 2000, Ujerumani ilitunga sheria: mwenye pano anayetuma umeme kwenye waya za wote analipwa bei iliyopangwa, kwa miaka 20. Watu wakanunua, viwanda vikakua, zaidi sana kule China, na dunia nzima ikapata pano kwa bei ya chini. Sheria moja ya nchi ya mbali ilifika mpaka kwenye paa la bati la Luvungi.

Kongo nayo iliamka. SNEL, iliyoundwa mwaka 1970, ndiyo iliyokuwa bwana wa umeme peke yake. Sheria ya 2014 iliondoa upekee ule na kufungulia wengine mlango. Mwaka 2016 serikali iliunda ARE, ya kusimamia kazi hiyo ya umeme, na ANSER, ya kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji. Matunda yameonekana. Kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wake wa kwanza wa jua Beni mwaka 2017, na mwaka 2020 ikawasha mwingine Goma, wa megawati 1,3. Ng'ambo ya Ruzizi, ndugu zetu Warundi walipata mtambo wa Mubuga, karibu na Gitega, wa megawati 7,5, mwaka 2021.

Juu ya nini basi Mutarule bado? Kwa sababu sheria inafungua mlango, haimsukumi mtu kuingia. Mwenye mtaji anakwenda kwanza kwenye mji, ambako wateja wako karibu karibu na wanalipa kila mwezi. Kijiji cha wakulima na wachimbaji kinawekwa mwisho wa foleni. Kazi ya ANSER ni kusahihisha jambo hilo, na kazi yetu ni kuikumbusha.

Figa la tatu: soko

Kenya ilionyesha njia nyingine. Tangu 2012, kampuni ya M-KOPA inakopesha watu vifaa vya jua: unatanguliza kidogo, kisha unalipa kidogo kidogo kwa simu. Ni akili nzuri. Lakini mchimbaji ajihadhari. Sisi hatupati pesa kila siku. Shimo linaweza kutoa leo na kunyamaza miezi miwili, na kwa mkopo wa namna ile, usipolipa, taa inazimika. Deni lifuate mwendo wa mfuko wako, siyo mwendo wa muuzaji.

Sisi wenyewe soko limetupiga. Tulikuwa wachimbaji kumi kwenye likelemba. Tulinunua pano zilizoandikwa wati 100, na batri za gari, kwa muuzaji aliyetuapia kwa jina la mama yake. Fundi alipozipima saa sita mchana, jua likiwa kali, hata nusu hazikufika. Batri zilikufa kabla ya mwaka wa shule kuisha. Tuliporudi dukani, tuliombwa faktira. Hatukuwa nayo. Udanganyifu ulikuwa wa muuzaji, lakini uzembe wa faktira ulikuwa wetu. Tunaandika haya ili wewe usilipe shule ile mara ya pili.

Tulichojifunza

Kwanza, fanya hesabu kabla ya kununua. Pano ya kweli ya wati 50, kwa siku ya jua zuri, inatoa kama wati-saa 200. Ondoa zinazopotea njiani, hesabu 150. Taa tatu za wati 5 kwa saa nne zinakula 60. Simu tatu zinakula kama 45. Redio ya wati 5 kwa saa tano inakula 25. Jumla 130, inatosha. Ukitaka kuongeza friji ao pasi, usidanganyike: hiyo pano haiwezi.

Pili, chunga batri, maana ndiyo inayokufa mbele ya pano. Pano nzuri inaweza kufanya miaka 25. Batri ya gari imetengenezwa kwa kuwasha motere, siyo kwa kuangaza usiku kucha. Ukiimaliza kila usiku, unaizika. Batri ya risasi usiishushe chini ya nusu. Ile ya litiamu ni bei kali siku ya kwanza, lakini inavumilia kujazwa na kumalizwa mara maelfu. Na usiache kuweka regulateri, ile inayozuia batri kujazwa kupita kiasi.

Tatu, jua letu ni zuri, lakini joto letu ni adui. Pano inataka mwangaza, haitaki kuchomwa. Usiilaze juu ya bati moja kwa moja. Inyanyue kidogo, upepo upite chini. Sisi tuko kusini kidogo ya Ikweta, kwa hiyo uso wake utazame kaskazini, na iinamishwe kidogo ili mvua isafishe vumbi. Kiangazi, vumbi la barabara likizidi, ifute asubuhi kwa maji na kitambaa.

Nne, nunueni pamoja. Mtu mmoja anabembeleza, watu kumi wanaomba kupimiwa. Fundi wenu aje na mita, apime pano juani mbele ya muuzaji. Faktira iandikwe wati, tarehe na garanti. Anayekataa kupima, mwacheni na mali yake.

Tunachodai

Kanuni ya madini ya 2018 inasema kwamba katika roialte inayolipwa na kampuni, 15% ni ya sheferi, sekta ao mji unaochimbwa. Tena kampuni inatoa 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Wandugu mnaoishi karibu na kampuni zenye permi, ulizeni pesa hiyo iko wapi. Kabla ya kujenga ofisi nyingine, iweke pano kwenye chumba cha kuzalia na friji ya chanjo.

Sisi wa Mutarule hatuna kampuni ya namna ile. Tunaomba mambo mawili. Mpakani, vifaa vya jua vipimwe, siyo kutozwa tu. Tangu 2022 nchi yetu ni memba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na soko likiwa moja, uchunguzi wa mali mbovu uwe mmoja pia. Na shule za ufundi za Uvira na za bonde zifundishe vijana kazi ya jua, ili fundi asitafutwe Bukavu kila mara waya inapokatika.

Likelemba yetu imeanza tena. Safari hii tuna mita, tuna daftari, na mweka hazina ni mama mmoja asiyecheka na mtu. Nyumba ya kwanza ikiwaka, baba akishuka garini usiku, watoto watamwona uso kabla hajafungua mdomo.