Tununue Mwanga, Tusinunue Fahari

Mtu anayevuka kutoka Mwanza kwenda Kamanga kwa kivuko, jua la asubuhi likiwa juu ya ziwa, hapati taabu ya kupiga picha. Maji yanang'aa, nyuso zinaonekana, na hata simu ya bei ndogo hutoa picha ya kupendeza. Taabu huanza akishaingia ndani ya nyumba. Nyumba nyingi za mwambao huu zina madirisha madogo, paa la bati lisilo na dari, na taa moja. Na humo ndimo yanamofanyika mambo makubwa ya maisha yetu: posa, khitima, vikao vya wazee, na mikutano inayoendelea hadi magharibi.

Tunayasema haya kwa kuwa yametukuta. Miaka michache iliyopita tulivuka kwenda upande wa Kamanga kumzuru mzee mmoja aliyefundisha watoto Kurani kwa muda mrefu wa maisha yake. Jamaa zake walituomba tumpige picha chumbani mwake, ameketi na vitabu vyake. Tulikuwa na kamera mpya, tena tuliyojivunia kwa wingi wa megapikseli zake. Ilipofika saa kumi na mbili jioni, dirisha likiwa moja tu, kila picha ilitoka na ukungu, na mkono wa mzee ukafukua kurasa kama moshi. Tulipowasha flashi, miwani yake ikamulika na ukuta wa nyuma ukawa mweusi. Tukaahidi kurudi. Kabla hatujarudi, mzee aliitika wito wa Mola wake. Picha waliyo nayo wajukuu wake leo ni ile ndogo ya kitambulisho.

Hatumlaumu aliyetuuzia. Kosa lilikuwa letu, na tunalitangaza ili wengine wasilirudie.

Yafaa ieleweke kwamba jambo la kwanza la kutazamwa katika kamera ya kupigia picha ndani ya nyumba ni lenzi yake, yaani ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga. Ukubwa huo huandikwa kwa namba: kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo tundu lilivyo kubwa. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55, ikivutwa hadi mwisho hufunguka f/5.6 tu. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga unaokaribia mara kumi ya huo. Picha iliyohitaji moja ya sita ya sekunde sasa huchukuliwa kwa moja ya sitini, na mkono wa mzee hutulia.

Jambo hili si geni duniani. Katika miaka ya 1920 Mjerumani Erich Salomon alipiga picha ndani ya mahakama na kumbi za mikutano ya kimataifa bila kutumia flashi, kwa kamera ndogo iliyoitwa Ermanox. Sifa kubwa ya kamera hiyo ilikuwa lenzi yake ya f/2, iliyokuwa na tundu kubwa mno kwa wakati ule.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Mwenye fedha za kiasi na achukue kamera ya wastani, hata iliyokwisha tumika, kisha fedha iliyobaki aitie katika lenzi moja isiyovutwa yenye f/1.8. Kwa kamera ambazo sehemu yake ya kupokea mwanga ina upana wa kama milimita 24, lenzi ya milimita 35 ndiyo ifaayo. Ya milimita 50 itamlazimisha arudi nyuma hadi agonge ukuta. Asiogope kupandisha ISO hadi 1600 au 3200, kwani picha yenye chembechembe yasomeka, lakini picha yenye ukungu imepotea.

Asidanganywe pia na sifa ya kutuliza mtikisiko. Chombo hicho hutuliza mkono wa mpigapicha. Hakimtulizi anayepigwa picha. Simu za siku hizi nazo huunganisha picha kadhaa kuwa moja wakati wa giza. Ni hodari kwa chungu na kiti, lakini mtoto anayecheza huwapita. Flashi nayo hufaa ikielekezwa kwenye dari nyeupe. Na penye bati tupu, afadhali kumsogeza mtu karibu na dirisha.

Kwa upande wa safari, wepesi ni ulinzi. Mtu mwenye begi zito huiacha kamera nyumbani. Aibebe katika mfuko unaofungika vizuri, kwani ziwa hurusha maji na barabara hutoa vumbi. Na akifika aitoe ipate hewa, maana unyevu ukikaa huotesha ukungu ndani ya vioo vya lenzi. Betri ya pili isikosekane.

Huenda mtu akauliza: je, hili ni jambo la kuandikiwa gazetini? Twamjibu kuwa ndiyo. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Ni maendeleo makubwa, nasi twayashangilia. Lakini maisha yale ya kungojea kivuko pale, nyuso za abiria usiku chini ya taa moja, sasa ni masimulizi. Ni wangapi kati yetu wana picha zake zinazoonekana?

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu ni mali, na picha ni mojawapo ya daftari zao. Basi anayenuia kununua kamera mwaka huu na aulize kwanza juu ya tundu la lenzi, kisha avuke upesi akampige picha mzee wake, angali hai na dirisha lingali na mwanga.